Shule Nazo Zibishiwe Hodi

Msimu wa kahawa unapofunguka, ghala la chama cha msingi cha ushirika katika kijiji chochote cha Muleba huwa darasa zuri la foleni. Mkulima hufika na gunia lake la maganda, hubisha hodi, hukaribishwa, kisha huketi benchini akingoja kuitwa kwenye mizani. Karani aliyeketi kando ya mizani hamjui mkulima atakayefuata, wala hajui atafika saa ngapi. Wajibu wake wa kwanza ni kuwapo: mahali panapojulikana, kwenye mlango unaojulikana, akiwa tayari kupokea. Siku asipokuwapo, wingi wa magunia njiani haumsaidii mtu.

Kompyuta inayotoa huduma katika mtandao imo katika hali ya karani huyo. Nayo hukaa mlangoni ikiwangoja wageni isiowajua, wa saa isiyojulikana. Lakini wanafunzi wa Bukoba na Muleba, kama wenzao wengi wa nchi nzima, hukutana na mtandao wakiwa wageni tu. Hufungua kivinjari, huandika anwani, na hupokea kile kilichokwisha kuwekwa na wengine mahali pengine. Upande wa mwenyeji hawauoni. Makala haya yanatetea hoja moja: kwamba kila shule ya sekondari yenye kompyuta, hata kama ni mbili tu, iwe na kompyuta moja inayobishiwa hodi, na kwamba mwanafunzi wa somo la kompyuta afundishwe namna ya kungoja mlangoni kabla hajamaliza Kidato cha Nne.

Amri nne za mwenyeji

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Njia ya programu kuzungumza na mtandao kwa kupitia kitu kiitwacho soketi ilianza kuenea mwaka 1983, Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kilipotoa toleo la Unix lililoitwa 4.2BSD. Miaka zaidi ya 40 imepita, na amri zilizowekwa wakati ule ndizo zitumikazo hata leo katika Linux, katika simu za Android na katika seva kubwa za dunia.

Kwa upande wa mwenyeji amri hizo ni nne, na katika lugha ya C huandikwa socket, bind, listen na accept. Ya kwanza huunda soketi, ambayo mwanzoni ni kama simu ya mezani isiyounganishwa na waya wowote. Ya pili huipa soketi hiyo anwani na namba ya mlango. Milango ya kompyuta huhesabiwa kuanzia 0 hadi 65,535. Kwa desturi kurasa za mtandao hutolewa kwenye mlango namba 80 au 443, na seva za barua hupokeana barua kwenye mlango namba 25. Katika Unix, milango iliyo chini ya namba 1,024 kwa kawaida haifunguliwi ila kwa idhini ya msimamizi mkuu wa mfumo. Ndiyo sababu mwanafunzi hujifunzia kwenye namba kubwa zaidi, kama vile 8080. Amri ya tatu hutangaza kwamba mlango u wazi, na papo hapo hutaja urefu wa benchi la kungojea. Ya nne humwita mgeni aliye mbele kabisa benchini.

Yafaa ifahamike kwamba soketi ya mlangoni haizungumzi na mgeni kamwe. Amri ya accept inapomwita mgeni, hurudisha soketi nyingine mpya iliyo ya mgeni huyo peke yake, na mazungumzo yote hupitia humo. Ile ya kwanza hubaki mlangoni ikimngoja mwingine. Ndivyo ilivyo ghalani: anayepokea hodi haachi mlango ili aende kupima kahawa ya mtu mmoja, kwani akifanya hivyo wote waliobaki nje hawatapata wa kuwaitikia.

Nani hujibu hodi?

Desturi ya hodi yajulikana na kila msomaji. Mgeni husema hodi, mwenyeji hujibu karibu, na mgeni huitikia akaingia. Itifaki ya TCP, iliyowekwa katika waraka wa Septemba 1981 na kuandikwa upya katika waraka wa Agosti 2022, hufuata hatua tatu hizo hizo. Kompyuta ya mgeni hupeleka ujumbe wa kwanza wenye namba itakayoanzia kuhesabu maneno yake. Kompyuta ya mwenyeji hukiri namba hiyo na kutaja yake. Mgeni naye hukiri ya mwenyeji, na hapo njia huwa imekwisha kufunguka.

Swali la kumpa mwanafunzi ni hili: ni nani hasa anayejibu karibu? Wengi watasema ni programu iliyoandikwa na mwalimu. Jibu hilo si sahihi. Anayejibu ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, ile sehemu ya Unix inayosimamia mitambo yote ya kompyuta. Kiini humkaribisha mgeni na kumketisha benchini hata kama programu imelala au inashughulika na jambo jingine, kama mtoto wa nyumbani anavyomkaribisha mgeni barazani wakati mama yake yuko shambani kwenye migomba. Kwa hiyo mgeni anaweza kudhani amepokelewa, kumbe mwenye nyumba hajapata hata habari zake. Mwanafunzi aliyelielewa jambo hili atafahamu kwa nini wakati mwingine kivinjari huonyesha kwamba kimeunganishwa, kisha kikakaa kimya bila kuleta kitu.

Liko na jambo la pili. Programu ikitoa amri ya accept wakati benchi ni tupu, kiini huilaza usingizi. Haizunguki mlangoni ikichungulia kila dakika. Haitumii nguvu ya prosesa hata kidogo mpaka mgeni atokee, na hapo kiini huiamsha. Mwanafunzi anayeanza huandika mara nyingi programu inayouliza bila kukoma: je, amekuja? je, amekuja? Programu ya namna hiyo huishughulisha prosesa kwa kazi isiyo na faida, na katika shule inayotegemea umeme wa jua hupunguza bure nguvu ya betri. Kungoja vizuri ni ufundi, na ufundi huo hupimika kwa wati.

Hesabu ya benchi la watu 5

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya wahandisi, na kwamba mwanafunzi wa sekondari hana haja nayo. Hesabu ifuatayo yaweza kufanywa ubaoni katika kipindi kimoja, nayo inatosha kujibu shaka hiyo.

Tuchukue darasa la wanafunzi 45 wanaobonyeza kitufe kwa wakati mmoja ili kupata zoezi kutoka seva ya shule. Seva humhudumia kila mmoja kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na hushughulika na mmoja mmoja. Kama benchi ni refu kiasi cha kuwatosha wote, wa mwisho atakuwa amehudumiwa baada ya sekunde 4.5. Hakuna atakayelalamika.

Sasa benchi lifupishwe liwe la watu 5, kipimo kilichokuwa cha juu kabisa katika Unix ya Berkeley ya zamani. Mgeni mmoja yuko kwenye mizani na watano wako benchini. Jumla wanaingia 6, na hodi za 39 waliosalia zinaachwa bila jibu. Kompyuta iliyokosa jibu haikati tamaa. Hungoja sekunde 1 ikabisha tena, kisha hungoja sekunde 2, kisha 4, 8, 16 na 32, kila mara ikizidisha muda maradufu. Kwa hiyo wale 39 hurudi kwa pamoja baada ya sekunde 1; wakaingia 6, wakabaki 33. Katika sekunde ya 3 hubaki 27, katika sekunde ya 7 hubaki 21, katika sekunde ya 15 hubaki 15, na katika sekunde ya 31 hubaki 9. Katika sekunde ya 63 huingia 6 wa mwisho, na wanafunzi 3 waliobisha hodi mara 7 hawapati kitu, ikiwa kompyuta zao zimepangwa kuacha baada ya hodi ya saba.

Mfano huu umerahisishwa, maana kompyuta halisi hazibishi hodi kwa pamoja kiasi hicho. Hata hivyo funzo lake ni la kweli. Seva ilifanya kazi kwa sekunde 0.6 tu katika kila awamu, kisha ikakaa bure ikiwangoja wageni ambao nao walikuwa wakingoja nje. Mitambo haikuwa na kosa, waya haukuwa na kosa, na darasa zima lingeondoka likisema mtandao ni mbovu. Kosa lilikuwa katika tarakimu moja iliyoandikwa ndani ya amri ya listen. Katika Linux kikomo cha urefu wa benchi kilikuwa 128 kwa miaka mingi, kikapandishwa kuwa 4,096 katika toleo la 5.4 la mwaka 2019. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii ataelewa kinachotokea siku matokeo ya mtihani yanapotangazwa na maelfu ya watu kubisha kwenye mlango mmoja katika saa moja.

Isidhaniwe lakini kwamba benchi refu ni dawa ya kila ugonjwa. Karani akiwa mzito, benchi refu litawakusanya tu watu wengi zaidi, na wengine watakuwa wamekwisha kuondoka zamu yao itakapofika. Hapo seva hupoteza nguvu zake kwa kuwahudumia wasiokuwapo. Urefu wa benchi na wepesi wa karani havina budi kwenda pamoja.

Umbali kati ya Bukoba na bahari

Mji wa Bukoba uko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umeufikia mkoa wa Kagera na kuendelea hadi mpakani Mutukula. Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilifika pwani ya Tanzania mwaka 2009 na 2010. Maendeleo hayo ni makubwa na yanastahili sifa. Lakini swali la masomo ya sayansi hubaki palepale: hodi inayobishwa Kamachumu inasafiri kilomita ngapi kabla ya kujibiwa?

Ikiwa seva iko Ulaya na njia yote ni kilomita 10,000, mwanga ndani ya nyuzi za kioo, unaokwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, hutumia sekunde 0.05 kwenda na 0.05 kurudi. Sekunde 0.1 zimekwisha kwa hodi na karibu peke yake. Safari nyingine ya sekunde 0.1 inahitajika ili swali la kwanza lijibiwe, nayo ni kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa mitambo ya njiani. Seva iliyo chumba cha pili, kwenye waya wa mita 100, hufikiwa na mwanga kwa sehemu ndogo kabisa ya milioni ya sekunde.

Kasi si jambo kubwa kuliko yote. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na huduma ya intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo. Siku kama hiyo shule ambayo masomo yake yote yako ng'ambo huwa haina masomo. Shule ambayo kompyuta yake moja inangoja mlangoni hapo hapo shuleni huendelea kufundisha, kwa kuwa hodi ya mwanafunzi haina haja ya kufika baharini. Hoja hii ina uzito zaidi katika visiwa vya Muleba kama Bumbire na Ikuza.

Isitoshe, shule za Kagera zina mambo ya kuwapa wengine. Mji wa Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na kipimo cha mvua ni chombo rahisi kinachoweza kusomwa na wanafunzi kila asubuhi. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulithibitishwa mkoani humo mwaka 2006, na hakuna anayeiona migomba kwa karibu kuliko watoto wanaoishi kati yake. Kumbukumbu za mvua na za migomba zikiwekwa katika seva ya shule, zitakuwa kitu ambacho shule ya jirani inaweza kukiomba. Hapo mwanafunzi wa Muleba atakuwa mwenyeji katika elimu, naye atajua uzito wa kuweka kumbukumbu zilizo sahihi, maana kuna mtu atakayekuja kuzisoma.

Pingamizi zilizopo

Haki ya hoja haitimii bila kuzisikiliza pingamizi. Ya kwanza ni usalama: mlango ulio wazi huingiza na wezi. Ni kweli. Mwezi Septemba 1996 kampuni ya Panix ya New York ilishambuliwa kwa hodi za uongo. Washambuliaji walibisha hodi mfululizo bila kukamilisha hatua ya tatu, na nafasi za kungojea zikajaa wageni wasiokuwapo. Mwaka huo huo D. J. Bernstein akatoa dawa: mwenyeji asimwandike mgeni popote anapobisha, bali ampe namba iliyokokotolewa kwa siri, na amtambue anapoirudisha. Kwa shule, kinga iliyo rahisi zaidi imo ndani ya amri ya bind. Soketi ikifungwa kwenye anwani 127.0.0.1, itabishiwa na programu za kompyuta hiyo hiyo tu. Ikifungwa kwenye anwani ya ndani ya shule, kwa mfano inayoanza na 192.168, hodi zitakazoifikia kwa kawaida ni za kompyuta za mtandao wa shule. Mwanafunzi aanzie hapo. Hakuna sababu ya kufungulia dunia nzima mlango ambao hajajifunza kuufunga.

Pingamizi la pili ni kwamba nje ya shule mlango huo hautabishiwa hata ukiachwa wazi. Hili nalo ni kweli kwa sehemu kubwa. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti ni 4,294,967,296 tu, na akiba yake kuu ya dunia iligawiwa ikaisha tarehe 3 Februari 2011. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mtambo wa kati hukumbuka nani aliyeanza kuzungumza. Mteja anaweza kumbisha mwingine hodi. Yeye mwenyewe habishiki. Hali hii yapasa kufundishwa waziwazi, kwa maana inaeleza jinsi ufundi unavyoweza kumfanya raia awe mgeni wa kudumu. Mfumo mpya wa anwani, IPv6, unatosha kumpa kila shule anwani zake, na walimu na wazazi wana haki ya kuuliza lini utawafikia.

Pingamizi la tatu ndilo zito: kompyuta ni chache, vipindi vimejaa, na mwalimu ni mmoja. Seva isiyo na mtunzaji hufa, na mara nyingine hufa ikiwa imebeba kazi za wanafunzi. Pingamizi hili haliondolewi kwa maneno. Linaweza kupunguzwa kwa kuanza na kidogo. Zoezi lenyewe halihitaji maabara. Kompyuta moja yenye Linux inatosha, programu ya mwenyeji kwenye dirisha moja na ya mgeni kwenye dirisha la pili. Programu ya mwenyeji huchukua kurasa moja au mbili za daftari. Kompyuta ndogo ya bei nafuu, isiyo na kioo wala kibodi, yaweza kuwa seva ya darasa zima. Na utunzaji wake waweza kugawanywa kwa zamu kati ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu, kama zamu za bustani na za maktaba zinavyogawanywa, pamoja na daftari la kuandika nakala zilizohifadhiwa na siku zilipohifadhiwa.

Kwa hiyo linaloombwa kwa walimu wa Bukoba na Muleba si kubwa. Muhula ujao, waandike pamoja na wanafunzi programu inayongoja kwenye mlango 8080 na kumjibu kila mgeni kwa sentensi moja. Walifupishe benchi kwa makusudi, wawaagize wanafunzi wabishe kwa pamoja, na waandike ubaoni ni nani alijibiwa na baada ya sekunde ngapi. Kisha walirefushe benchi na kupima tena. Watunga mitaala nao waliweke zoezi hilo katika muhtasari, liwe na alama zake katika mtihani wa vitendo, kwa sababu jambo lisilo na alama halidumu darasani. Baada ya hapo kompyuta iachwe ikiwaka, na daftari la mvua liingizwe ndani yake.